Keezo la Baba Lilipobebwa Bila Yeye Kuulizwa

Nakumbuka Ijumaa ile, mwanangu, kwa alama zilizobaki sakafuni. Baba alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye banda la nyuma kama ilivyokuwa ada yake. Mahali pa keezo lake akakuta sakafu tupu, yenye mashimo madogo ya miguu ya mashine iliyokaa pale tangu nikiwa msichana mdogo. Kando yake palikuwa na sanduku lililofunguliwa nusu, na ndani yake kitu kipya cha rangi ya kijani, kinang'aa. Baba alisimama akatazama. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la wali, nikakosa pa kuliweka.

Nimekuwa bibi sasa, wajukuu wanaoa, lakini nikiikumbuka siku ile damu yanichemka. Ukisikia sauti yangu imepanda, usidhani nakugombeza wewe.

Labda keezo hulijui. Ni mashine ya kukerezea mti. Kipande cha mti hushikwa baina ya ncha mbili za chuma, ukakanyaga chini kama cherehani ya miguu, gurudumu likazunguka, mti ukazunguka nao, nawe ukauegemezea patasi mpaka utoke umeviringika sawasawa. La Baba lilikuwa la zamani. Mzungu mmoja wa Diani alimwachia alipokuwa akifunga virago kurudi kwao, miaka ile Uhuru ulipokaribia. Fremu yake ilikuwa ya mbao, vichwa vyake, vile vyenye ncha za kushikia mti, vya chuma, na gurudumu lake zito hata mtu mmoja halinyanyui.

Baba hakuwa seremala. Alikuwa mkulima, na mti alikereza kwa kupenda tu. Alitengeneza bakuli za mkwaju, mipini ya visu, na pia zile za watoto kuzungusha kwa uzi. Ukizaa Msambweni wakati ule, hukosi kuletewa na Baba kitu cha mti cha mtoto kutafuna. Alikuwa hauzi. Mama alikuwa akilalamika kutwa kwamba machicha ya mti yamejaa mpaka kwenye mchele, na Baba alikuwa akicheka tu.

Tena kuna jambo jingine, nalo ndilo kubwa. Baba alipata homa kali nikiwa bado sijavunja ungo, na ilipomwacha iliondoka na masikio yake. Hakuwa kiziwi kabisa. Ukikaa mbele yake ukasema polepole, alikuwa akielewa vizuri. Lakini ni nani aliyekaa? Watu waliona taabu. Walikuja barazani wakamsalimu, shikamoo Mzee, marahaba, kisha wakageuka wakazungumza wao kwa wao mbele yake, kama kwamba ni gunia la nazi limeegeshwa ukutani. Walimuozea binti, yaani dada yangu mkubwa, na tarehe ya harusi aliijua mwisho. Pale kwenye banda la nyuma ndipo alipokuwa mtu kamili. Mti hausemi. Aliusikia kwa viganja.

Basi keezo likachakaa. Bushi, yale mapete ya shaba yanayoshika mhimili, zikalika, mhimili ukawa unacheza. Mchwa nao wakaingia kwenye miguu ya nyuma. Siku moja bakuli likaruka likampiga Baba kwenye paji la uso, akashonwa hospitali. Sikatai, mwanangu, ilikuwa lazima litendeke jambo. Na Baba mwenyewe alijua. Alilifungua, akazitandaza sehemu zake juu ya mkeka, akawa anazipitia moja moja. Nilimuuliza, nimekaa mbele yake, "Baba, utalitengeneza au utatafuta jingine?"

Akaniambia, "Bado natazama. Kuna kilichooza na kuna kizima. Nikishajua kipi ni kipi, nitajua la kufanya."

Hayo ndiyo maneno yake. Yalihitaji nini zaidi ya subira?

Sasa ngoja nikwambie habari za kaka yangu Kassim. Alikuwa amepata ukarani Kwale, katika ofisi mpya za Serikali, na suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukata ndizi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Baba. Lakini alikuwa amepatwa na ugonjwa wa wakati ule: kila cha zamani kilimtia haya. Akija nyumbani na wenzake wa ofisini alikuwa akiona aibu kumkuta mzee amejaa machicha ndevuni, anakanyaga mashine ya mkoloni. "Tumepata Uhuru," alikuwa akisema, "na sisi tuwe na vitu vipya." Akayasema hayo barazani, Baba yupo, na hakumgeukia hata mara moja.

Ijumaa ile mimi na Mama tulikuwa kwa jirani tunapika, kulikuwa na hitima. Tulisikia lori likipita, hatukulijali. Baba alikuwa msikitini. Kassim alichagua saa hiyo makusudi, alikiri baadaye. Alisema alitaka kumfurahisha kwa ghafla. Akalipakia keezo kwenye lori la mtu wa vyuma chakavu, akaweka mashine mpya. Na mashine mpya yenyewe, mwanangu, ilikuwa ya umeme. Ya umeme! Kijijini kwetu tulikuwa tukisomea koroboi. Alipoulizwa moto wake utatoka wapi, akajibu kwamba nguzo zitafika, Serikali imeahidi.

Niliweka sinia chini, nikamkimbilia Mama kule kwa jirani.

Mama aliingia na upawa mkononi. Akatazama sakafu, akamtazama Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akipangusa patasi iliyobaki, anaipangusa tu, ilhali ilikuwa safi. Nilitazamia Mama atashukuru. Yeye ndiye aliyeyachukia machicha yale kuliko sote. Badala yake alitoka barazani, ambako Kassim alikuwa ameketi na wenzake wawili wakingoja chakula, akamwambia mbele yao:

"Kassim, keezo la baba yako liko wapi?"

"Mama, lilikuwa limekwisha. Limelika kila mahali. Nimemletea..."

"Limelika?" Mama alisema. "Na baba yako masikio yake yamelika. Naye utampakia lini kwenye lori?"

Wale wageni wakainamisha vichwa. Mama hakungoja jibu. Alijitanda leso yake, akaniita, tukatoka. Chakula wakajipakulia wenyewe.

Tulipanda basi mpaka Ukunda, tukauliza, tukaelekezwa kwenye uwanja wa mtu wa vyuma. Alikuwa mtu wa bara, kijana mpole. Tulimkuta ameshika shoka. Fremu ya keezo alikwisha kuipasua apate vyuma vyake, na lile gurudumu zito lilikuwa limelala chini, limepasuka lilipoangushwa kutoka kwenye lori.

Mama akaketi palepale mchangani. Sijawahi kumuona akiketi chini mbele ya mtu mgeni.

"Hiki kina mwenyewe," akamwambia.

Yule kijana akaliweka shoka chini. "Mama, nisamehe. Mimi niliuliza. Niliuliza kama mwenyewe ameridhika. Nikaambiwa mwenyewe hasikii."

Mwenyewe hasikii! Mwanangu, nimesikia matusi mengi katika umri wangu, mengine ya kutajiwa mama yangu mzazi, lakini hakuna lililonichoma kama neno hilo. Kwa hiyo mtu akipungukiwa na masikio, na ridhaa yake imekwisha? Na mali yake ni ya yeyote mwenye sauti? Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Yule kijana aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyetenda, akavikusanya vile vyuma vyote, na mbao zilizopasuka pia, akavipakia, akaturudisha Msambweni kwa lori lake. Mungu amlipe popote alipo.

Tulimkuta Kassim bado yupo. Wenzake walikuwa wameondoka. Alipoona gurudumu lililopasuka likishushwa, uso ulimbadilika. Akamwendea Baba, akainama kwenye sikio lake, akapaza sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Baba, nisamehe! Nilitaka kukusaidia!"

Baba akamsukuma taratibu, kwa mkono.

"Usinipigie kelele," akasema. "Njoo ukae hapa mbele. Sema polepole, niione midomo yako."

Kassim akavuta kigoda akakaa. Wakatazamana. Nakwambia kweli, nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu ile homa. Kassim akajaribu kusema, midomo ikamtetemeka, hata Baba asingeweza kuisoma. Akalia, na suruali yake ya mkunjo katikati ya vumbi la mti. Baba akamngoja amalize. Kisha akasema, "Ungeniuliza, ningekwambia. Miguu yake ilikuwa ya kutupa. Bushi zilikuwa za kubadilisha. Vichwa ni vizima, na gurudumu lilikuwa zima. Hilo gurudumu ndilo lililokuwa roho yake."

Basi. Hakumtukana, hakumpiga marufuku nyumbani. Mimi ndiye niliyekaa sisemi na Kassim muda mrefu, mpaka Mama akanikataza.

Mashine ya umeme ilirudishwa ilikotoka. Baba alikata mbambakofi akaunda fremu mpya, na Kassim ndiye aliyeshika upande wa pili wa msumeno kila alipopata likizo. Bushi mpya zilitengenezwa na fundi wa Mombasa. Gurudumu lilipatikana jingine, jepesi. Keezo likazunguka tena, na Baba akakereza mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Lakini gurudumu jepesi halina nguvu. Bakuli kubwa za mkwaju, zile za kupakulia wali wa harusi, hakukereza tena. Watu husema yote yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Yaliisha.

Mwanangu, sikwambii kila kikuukuu kitunzwe. Kuna cha kutupwa, na Baba mwenyewe alitupa miguu iliyoliwa na mchwa bila kuitazama mara mbili. Nakwambia ukifungue kwanza kitu, ukitazame, ujue kilipoozea na kilipo kizima, ndipo uamue. Na kabla ya hayo yote, ujue ni cha nani. Kama ni chako, amua. Kama si chako, nenda kwa mwenyewe. Akiwa hasikii, kaa mbele yake. Akiwa haoni, mshike mkono umpapasishe. Akiwa msemaji wa polepole, subiri amalize. Usiseme umetenda kwa mapenzi ilhali hukumuuliza. Kassim alitenda kwa mapenzi, na gurudumu likapasuka vilevile. Na ukiwaona watu wanapanga mambo ya mtu mbele ya macho yake kama kwamba hayupo, usinyamaze kwa adabu. Adabu ya namna hiyo siitaki nyumbani kwangu.

Nenda sasa, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe kazi ambayo viganja vyako vitaipenda. Akulinde na haraka ya wanaokutakia mema. Na siku mwili wako utakapopungua, maana utapungua, akujaalie mtu wa kuvuta kigoda akakaa mbele yako, akakuuliza, akangoja jibu. Amin.