Boksi la Daktari Bado

Mtaani walimwita Daktari Bado, na usidhani ilikuwa heshima. Kila jirani alipomuuliza, "Vipi, umeshakuwa daktari?" yeye alijibu, "Bado." Basi jina likamganda.

Alikuwa mkemia, ati. Mkemia asiye na koti jeupe, wala chupa, wala doa la dawa kidoleni. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta, katika chumba cha chuo kikuu chenye feni mbovu na viti vilivyochanika, yeye na wenzake wakikodolea skrini macho kutwa nzima. Mama yake ilimshinda kuelewa. "Mkemia gani wewe, hata sabuni hujui kutengeneza?" Angejibu nini? Kweli hajui.

Ila alikuwa na molekuli yake. Ilikuwa ndefu, na katika hesabu zake ilinyooka kama askari kwenye gwaride, wakati molekuli nyingine za ukoo wake hujikunja hovyo. Profesa aliyemsimamia nusura aruke dirishani kwa furaha. Akaitangaza kila mahali, akaipa na jina: jina lake mwenyewe. Mnyenyekevu kweli kweli, yule baba! Shahada ya uzamivu ya Daktari Bado ikawa inategemea mnyooko huo.

Sasa sikiliza. Molekuli huwekwa ndani ya boksi la kuwazia tu, na programu hulinakili boksi hilo kila upande, kama vigae vya sakafu, ili molekuli isikutane na ukuta. Boksi likiwa kubwa, hesabu zinachelewa. Profesa, ambaye yeye na subira hawajawahi kuonana, ndiye aliyeamuru: "Punguza boksi bwana, tutazeekea hapa!" Daktari Bado akapunguza.

Wiki ya mtihani wa kuitetea kazi yake, akiandaa picha za kuwaonyesha watahini, akaamua kuonyesha vigae vyote pamoja, kwa urembo tu. Lahaula! Kichwa cha molekuli kilikuwa kimevuka mpaka wa boksi, kikakamata mkia wa nakala yake katika boksi la jirani. Na nakala ile ni molekuli ile ile. Itajikunja vipi, na imejishika mkia? Akapanua boksi, akarudia hesabu. Molekuli ikajikunja kama tambara la jikoni.

Akamkimbilia Profesa. "Prof, boksi lilikuwa dogo."

Profesa akafunga mlango taratibu. "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichoonekana. Binti yangu, unataka shahada au unataka boksi?"

Swali la kisomi kabisa hilo.

Siku ya mtihani mama akaja na nguo yake ya kutokea, akakaa kiti cha nyuma. Alikuwa ameshauliza, "Nitajuaje pa kupiga makofi?" Akaambiwa, "Ukiona wengine wanapiga, Mama."

Daktari Bado akaongea vizuri mpaka akafika kwenye picha ya molekuli iliyonyooka. Profesa akajiweka sawa kitini, tayari kupongezwa. Binti wa watu angeweza kupita tu. Lile jina la mtaani lilikuwa limemchosha, limemchosha hasa, na shahada aliitaka kuliko kitu chochote.

"Hii si kweli," akasema. "Boksi lilikuwa dogo. Molekuli imejishika mkia."

Profesa akaanza kuichunguza kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mtahini mkuu akavua miwani, akamwambia akarudie hesabu zote, waonane mwakani. Ndipo nyuma yakasikika makofi. Ya mtu mmoja, ya nguvu, bila haya.

Walipotoka nje, binti akalipuka. "Mama jamani! Wewe umeona nani anapiga makofi? Nimefeli!"

"Nimesikia."

"Sasa ulikuwa unapigia nini?"

"Maneno yenu sijaelewa hata moja," mama akasema. "Lakini ule uso naujua. Ndio uliokuja nao siku ulipovunja birika langu, ukaja kuniambia mwenyewe kabla sijaliona."

Wakatembea mpaka mtaani kwao, na jirani, kama kawaida yake, alikuwa ameshatoa shingo mlangoni. "Vipi, daktari tayari?"

"Bado!" akajibu mama, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akapita zake kichwa juu.