Wabaya Wote Husema Kiswahili

Katika kibanda cha video cha Gidudu, pale Mbale, kila mbaya alisema Kiswahili. Jambazi, jini, daktari kichaa anayetaka kulipua dunia, wote. Mashujaa walipewa Kiganda. Aliyewagawia lugha ni Adrisi, mfasiri wa kibanda, aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti akigeuza Kiingereza cha filamu na katuni. Akinguruma tu, "Lala chini! Toa kitambulisho!" wakubwa waliokumbuka askari wa vizuizini walicheka hadi machozi, na watoto wakacheka kwa kuwafuata.

Hicho Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kwao. Adrisi ni Mnubi wa Kimaka, Jinja. Baba yake alikuwa askari wa jeshi lililotawala na kuamrisha watu kwa Kiswahili, na vita vya mwaka sabini na tisa vilipoiangusha serikali hiyo, majirani waliokuwa wakiazimana naye chumvi walimtoa ndani wakamuua. Mama akakimbilia Mbale na mtoto. Njiani, pale Bugembe, walikuta kizuizi, mama akamziba Adrisi mdomo kwa kiganja, asije akatamka neno moja la Kiswahili wakaisha wote wawili. Na mdomo huohuo ndio uliokuja kulisha nyumba. Dunia haina haya.

Sasa mama alikwisha kufa, mke naye vilevile, na Zaituni, binti yake wa pekee, alikuwa ameacha kusema Kiswahili. Shuleni walimwambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba akimwuliza jambo kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiganda, macho chini. Ilimuuma Adrisi, tena sana. Zaituni akikitupa kabisa, baba atabaki hana wa kuzungumza naye lugha yake ila wabaya wa Gidudu.

Jumapili moja mchana ikaja sehemu mpya ya katuni ya mashujaa, ile Zaituni asiyoikosa. Ndani yake alitokea mgeni, kijana mwenye nguvu za kubeba treni, lakini kila alichokigusa kilivunjika. Alikuwa amemkumbatia mama yake akamvunja mkono, akatoroka kwa aibu.

"Huyu mutu iko mubaya," Gidudu alimnong'oneza. "Mupe Swahili."

Adrisi akakubali, lakini kwa nia yake mwenyewe. Mashujaa walipomzingira kijana yule, naye akapiga magoti, Adrisi hakunguruma. Alisema taratibu, kwa Kiswahili alichoimbiwa utotoni Kimaka.

"Mama, nisamehe. Sikutaka kukuumiza. Niache nirudi nyumbani."

Kibanda kikanyamaza kidogo. Adrisi akafurahi, maskini, akidhani wamesikia. Kisha mtu akapaza sauti nyuma, "Afande analia!" na kicheko kikalipuka. Akarudia maneno yale, safari hii sauti ikikatika kweli, nao wakazidi kujipiga mapaja. Gidudu alicheka kuliko wote. Katika benchi la mbele Zaituni peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama baba yake, si televisheni.

Walirudi nyumbani pamoja. Walipokaribia mlango Zaituni akaangalia kama njia ina watu, akamshika baba mkono, akasema polepole, kwa Kiswahili.

"Baba, kesho ikirudiwa, umpe Kiganda yule kijana. Wasimcheke tena."