Maji ya Wageni ya Wanjugu

Ruguru alikuwa ameichoka ile elektrodi kama mtu anavyomchoka shemeji mlevi. Kitu chenyewe hakizidi kijiti cha kiberiti: kaboni iliyopakwa utando mwembamba wa metali ya bismuthi, na kazi yake ni moja tu, kunasa madini ya risasi ndani ya maji hata yakiwa haba namna gani. Unaitumbukiza majini na kuipitishia umeme kidogo, risasi inajikusanya juu yake. Kisha unageuza umeme, risasi inang'oka, na kwenye skrini ya simu kunachomoza kilima. Pasipo kilima, hakuna risasi.

Ndivyo yasemavyo makaratasi. Makaratasi hayajawahi kufanya kazi katika maabara ya chuo mjini Meru, ambako umeme hukatika mtu akipiga chafya. Utando ulibanduka, akaupaka upya. Ukabanduka tena. Siku ulipokubali kushika, Ruguru aliijaribu elektrodi kwa maji aliyoyatia risasi kwa mkono wake, na kilima kikasimama wima. Akaweka maji ya kwao Kianjokoma, na mstari ukalala bapa.

Na hayo ya Kianjokoma ndiyo yaliyomnyima raha. Binti yake, Maxine, aliishi huko na nyanyake na alikuwa anadhoofika. Tumbo lilimuuma kila mara, damu ilikuwa pungufu, na dawa za kuongeza damu alizopewa hazikufua dafu. Ruguru alilishuku tangi la maji ya mvua. Maji yake yalitoka kwenye paa ambalo marehemu babake, Nthiga, alilipaka rangi nyekundu ya kopo kuukuu, ya zile za zamani zilizotiwa risasi, na rangi hiyo sasa ilikuwa inapukutika kama magamba.

Lakini nani angemwambia hivyo mamake, Wanjugu, akubali?

"Hiyo rangi ni ya baba yako," Wanjugu alikuwa amemjibu kwa simu. "Unataka kusema Nthiga anatuwekea sumu akiwa kaburini? Leta ushahidi, mwanangu. Bila ushahidi, hilo tangi haliguswi."

Ushahidi ndio huo uliolala bapa. Kila Wanjugu alipotuma chupa nyingine ya maji ya tangi, Ruguru alisugua, akapaka, akapima, akatukana kimoyomoyo. Hata bosi wake, Daktari Kailemia, alimchoka.

"Si ukubali tu, Ruguru? Hayo maji ni safi kuliko ya hapa chuoni. Subira huvuta heri."

Ruguru alitamani kumvuta masikio.

Jumamosi hiyo alitia kipimo kwenye mkoba na kwenda Kianjokoma bila kumwarifu mtu. Alimkuta mamake jikoni, ameinama juu ya mtungi. Mdomoni pa mtungi palifungwa kitambaa cheupe kilichojazwa mkaa uliopondwa, na maji yalikuwa yanapenya tone kwa tone. Kando yake ilisubiri chupa ya maabara.

"Mami, unafanya nini?"

"Si ndio hayo maji yako? Nimeyaacha yatulie tangu jana, sasa nayachuja." Wanjugu alimtazama kwa mshangao. "Ama niwapelekee watu wa chuo maji yenye takataka? Waseme kwa kina Nthiga hakuna adabu?"

Ruguru aliketi juu ya gunia la viazi. Alilelewa katika nyumba hii. Aliujua vizuri sana mtungi huo wa wageni, ambao maji yake yaliyochujwa watu wa nyumbani hawakuyagusa, na hakuwahi hata mara moja kufikiria kwamba kwa mamake chuo nacho kilikuwa mgeni. Mkaa ulikuwa unaila ile risasi, na yeye wiki zote hizo anagombana na elektrodi! Hasira zilimkaba hasa kwa sababu hakuwa na wa kumtupia.

"Na Maxine hunywa yapi?"

"Ya tangi. Kwani Maxine ni mgeni hapa?"

Ruguru aliteka maji moja kwa moja kutoka kwa mfereji wa tangi, akajaza kikombe kimoja, akajaza cha pili maji ya mtungi, na kuviweka mezani. Alianza na cha mtungi. Mstari ulilala vile vile. Akaisafisha elektrodi, akaitia kwenye kikombe cha tangi, na wote wawili wakainamia simu. Kilima kiliinuka taratibu, kikapanda, na hakikuwa na haraka ya kukoma.

"Hiyo ndiyo nini?" Wanjugu aliuliza, ingawa sauti yake ilishajua.

"Ndiyo risasi, mami."

Wanjugu alikitazama kikombe cha mtungi, kisha kile cha tangi. Nje walimsikia Maxine akifungua mfereji, na Ruguru akatoka mbio. Aliporudi amemshika mtoto mkono, mamake alikuwa bado amesimama palepale.

"Basi wageni wote nimewalinda," Wanjugu alisema.

Ruguru alimmiminia Maxine kikombe kipya kutoka kwenye mtungi wa wageni.