Bi Cheche na Chumba Chenye Dirisha

Mama Mdogo wangu hajawahi kununuliwa zawadi na mtu yeyote wa nyumba yetu, ingawa karibu kila zawadi iliyotoka nyumba yetu aliitengeneza yeye. Mtu akialikwa harusi, au mahafali, au rafiki yake amehamia nyumba mpya, hasumbuki kwenda dukani. Anaegemea mlango wa stoo na kusema, "Bi Cheche, niandikie jina kwenye kitu chochote. Dakika tano tu." Kisha anaondoka na ubao wa kukatia mboga au glasi yenye jina, anapigiwa makofi huko aendako, na anarudi kutusimulia alivyopigiwa makofi.

Jina la Bi Cheche alibandikwa na Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu na Mama Mdogo, siku mashine ya leza ilipoingia nyumbani. Mjomba alichungulia, akaona kinukta cha bluu kinakimbia juu ya ubao na kuacha herufi za rangi ya kahawa, na moshi mwembamba unapanda. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu si dada yangu tena, huyu ni Bi Cheche! Iko siku atatuchoma wote humu." Kwetu, jina likitoka kinywani kwa Mjomba halirudi.

Kabla ya mashine, Mama Mdogo alikuwa kwenye duka la fotokopi. Mwandiko wake ni mzuri kiasi kwamba shule za karibu zilikuwa zinampelekea vyeti ajaze majina kwa mkono. Duka lilipofungwa, alichukua alichokuwa amejiwekea miaka yote akanunua leza, na watu wakasema amerukwa na akili. Jambo la kwanza alilofanya ni kuandika herufi zote kwenye karatasi, kubwa na ndogo, na kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo mashine yake ilikuwa inaandika kama yeye. Herufi g ilikuwa na mkia unaojikunja kama paka aliyelala. Ukiuona mkia ule kwenye kitu chochote mjini, unajua kimetoka stoo kwetu.

Mimi nilikuwa nashinda pale nikitoka shule. Nilitaka kujua kila kitu, na yeye hakuchoka kuulizwa. Kwa nini ubao unabandikwa utepe wa karatasi kabla ya kuchongwa? Ili moshi uchafue utepe, usichafue ubao. Kwa nini glasi inapakwa sabuni na kufunikwa karatasi mbichi?

"Glasi ni kama mama yako," alinijibu. "Ukiipasha moto ghafla, inapasuka."

Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni waya wa shaba uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Mteja akileta kitu cha plastiki, au ngozi ambayo Mama Mdogo hajui asili yake, kwanza anawasha jiko lake dogo la gesi. Anauchoma ule waya mpaka uwe mwekundu, anaugusisha kwenye kile kitu mpaka chembe yake inate kwenye waya, kisha anaurudisha motoni. Moto ukibaki wa kawaida, kazi inaanza. Ukigeuka kijani, kitu kinarudi kwa mwenyewe.

"Kijani ni nini?"

"Klorini. Kuna ngozi bandia zimejaa hiyo kitu. Ukiichoma na leza inatoa gesi. Gesi inakula mashine, na ikimaliza mashine inahamia kwenye mapafu."

"Na mwenyewe akikataa kurudishiwa?"

"Arudishiwe hivyo hivyo."

"Hata akiwa mwalimu mkuu wetu?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Nilivyomwandikia vyeti hata soda hakuninunulia."

Stoo yenyewe haina dirisha. Bomba la kutolea moshi lilikuwa linapita chini ya mlango, linafuata korido mpaka uani, na kila mtu alikuwa analikanyaga. Likikanyagwa, moshi unarudi ndani, na Mama Mdogo anatoka nje akikohoa huku akisema hakuna neno. Wateja nao walikuwa wanapita jikoni ili wamfikie. Wengine waliona aibu, wakaacha kuja.

Na mbele ya nyumba kipo chumba chenye dirisha kubwa linaloangalia barabara. Wakati huo kilikuwa na makochi yaliyovunjika miguu na matairi ya gari ambalo Mjomba aliliuza mimi sijazaliwa. Mama Mdogo alikiomba kile chumba miaka. Nyumba ni ya Bibi, lakini funguo anashika Mjomba, ingawa yeye ana nyumba yake mtaa wa pili. Ukimuuliza Bibi, anasema, "Muulize kaka yako." Ukimuuliza Mjomba, anasema, "Tutaangalia." Mama Mdogo hakutaka kitu kingine duniani. Alikuwa ananiambia, "Bomba langu litoke dirishani, watu wanione wakipita. Basi."

Ndipo binti wa Mjomba akapata mchumba.

Mjomba alikuja na kipande cha ngozi mfukoni, laini, kinanukia ngozi kweli. Akamkuta Mama Mdogo na Bibi sebuleni. "Nataka kila mgeni atoke harusini na kishikio cha funguo chenye jina lake," alisema. "Mjini hapa hakuna mkono kama wa dada yangu, hata ukizunguka na tochi. Ukinimalizia hii kazi, chumba cha mbele ni chako. Nasema mbele ya mama."

Alimvisha kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Mama Mdogo alikipima kile kipande kwa waya, moto ukabaki wa kawaida. Jioni ile akaachiwa ufunguo, akafungua chumba cha mbele, akasukuma matairi pembeni, akafagia. Alichukua chaki akachora mstari ukutani, hapa meza ya mashine, hapa rafu ya wateja. Alikuwa anaimba. Mimi sikujua kama anajua kuimba.

Mzigo ulikuja harusi ikiwa imekaribia. Mjomba mwenyewe aliubeba kwenye gunia, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo akijipepea na kofia. Vishikio vilikuwa rangi ile ile, vinang'aa zaidi kidogo. Mama Mdogo alishika kimoja, akakikunja, akakinusa. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, kwenye waya.

"Unafanya nini?" Mjomba aliuliza.

"Napima tu, Kaka. Ndiyo kawaida yangu."

"Si ulishapima?"

"Nilipima kile kipande. Hivi ni vingine."

"Aa. Kwa hiyo nimekuletea takataka." Alikuwa anacheka, ila kofia ilikuwa imeacha kupepea. "Hao wateja wako wa njiani wapime, sawa. Na mimi pia? Mimi niliyekubeba mgongoni kukupeleka shule? Mama! Njoo uone, leo napimwa kama mwizi wa sokoni."

Bibi akajibu kutoka jikoni bila hata kuja. "Mwanangu, huyo ni kaka yako. Ndugu hapimwi."

Mama Mdogo alikuwa ameshaushika ule waya. Akautundika tena kwenye msumari, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini asiamshe watoto.

"Samahani, Kaka," alisema.

Kesho yake nilipotoka shule, nilikutana na harufu tangu korido. Haikuwa ya ubao wala ya ngozi.

"Mama Mdogo, kunanuka kama vyoo vya shule vikimwagiwa dawa!"

"Toka. Funga mlango. Usiingie tena humu mpaka nikuite." Alikuwa amejifunga kitambaa kibichi mdomoni na macho yalikuwa mekundu kama aliyelia. Hakuniita mpaka kazi ilipokwisha, na kazi ilikwisha asubuhi ya harusi.

Vishikio vilipendeza, siwezi kusema uongo. Wageni walivigeuzageuza wakionyeshana majina yao, na mkia wa ile g ulizunguka ukumbi mzima. Mjomba alishika kipaza sauti akawashukuru wapishi, wapambaji, dereva wa gari la maharusi na mpiga picha. Alipofika mwisho akasema, "Na wengine wote waliojitolea kwa njia moja au nyingine." Mama Mdogo alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, apate hewa. Alikuwa anakohoa kwenye leso.

Mashine haikufa siku hiyo. Ilianza na lenzi kuwa na ukungu usiofutika. Kisha reli ambazo kichwa cha leza kinatembelea zikaota kutu ya rangi ya chungwa, na kichwa kikawa kinakwama na kuruka. Mkia wa g ukatoka umevunjika katikati. Mteja mmoja alirudisha ubao wake, akisema umeandikwa na mlevi. Fundi wa vifaa vya umeme alipofungua kifuniko, alipiga mluzi. "Dada, hii mliiosha na tindikali?" Akasema angeweza kubadilisha kitu kimoja kimoja, lakini kila alichokigusa kilikuwa kimeliwa.

Mama Mdogo alijikaza. Alimfuata Mjomba siku alipokuja kumsalimia Bibi, akamwambia mashine imekufa, na kwamba angeomba aingie chumba cha mbele hivyo hivyo, aanze kuandika vibao kwa mkono na rangi mpaka Mungu afungue njia.

Mjomba alishangaa kweli, sio kwa kuigiza. "Chumba cha nini tena? Si unasema mashine imekufa? Utaweka nini mle ndani, maiti?"

Watu walicheka. Hata mama yangu alicheka, kisha akaangalia chini. Wiki hiyo hiyo chumba kikapangishwa kwa kijana anayeuza kava za simu.

Mama Mdogo alimsubiri Mjomba aje tena. Aliingia stoo, akarudi na jiko lake dogo la gesi, waya, na kishikio kimoja kilichokuwa kimebaki. Akaweka vyote mezani sebuleni mbele ya Mjomba na Bibi, mchana kweupe. Akaupasha waya, akaugusisha, akaurudisha motoni. Moto uligeuka kijani. Kijani cha kupendeza, jamani, kama jani changa lililopigwa na jua, na mimi ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona. Nilijiona mjinga kwa kukifurahia.

"Hii ndiyo iliyoua mashine," Mama Mdogo alisema. "Ile ngozi uliyonionyesha haikuwa hivi."

Mjomba alitazama moto, akatazama kishikio. "Muuzaji aliniambia ni kitu kile kile, ila nafuu." Halafu akapandisha sauti. "Sasa si ungesema mapema?"

"Nilitaka kupima, Kaka. Ukanikataza."

"Mimi? Mimi nilikuwa nakutania! Wewe siku hizi hata utani hujui?"

"Basi, yaishe," Bibi akasema. "Zima hilo jiko, mnatuchafulia hewa."

Nilimfuata uani. Alikuwa anaupoza waya kwenye ndoo ya maji, ukalia kidogo, ukanyamaza.

"Mama Mdogo, wewe ulijua lini?"

"Harufu ya kishikio cha kwanza."

"Cha kwanza! Sasa mbona hukuacha?"

Alikohoa kwanza, muda mrefu, ameshika goti. "Ningemwambia nini? Kwamba ni mwongo, na bintiye anaolewa? Halafu nilikuwa nimeshachora chaki ukutani."

Sasa ameajiriwa kwenye duka la zawadi karibu na stendi. Mashine ni kubwa, ya mwenye duka, na iko mbele kabisa kwenye kioo. Yeye anakaa nyuma yake. Mwenye duka alimwomba herufi zake siku ya kwanza, akampa, kwa hiyo mkia wa paka bado unazunguka mjini, ila sasa ni wa duka. Kikohozi hakijaondoka. Daktari alimwambia akae mahali penye hewa, na yeye akamwambia ndicho alichokuwa anakitafuta.

Juzi Mjomba alinituma. Rafiki yake anastaafu, anataka kitu. "Mwambie Mama Mdogo wako anifanyie kimoja pale kazini, mwenye duka hata hatajua. Dakika tano tu." Akanipa kibeti cheusi kinachong'aa.

Nilikipeleka. Mama Mdogo hakukishika. Alivuta droo, akatoa waya. "Mwambie aje mwenyewe, apange foleni," alisema. "Na akija nitapima mbele yake."

Nilirudi na kibeti na maneno. Mjomba alikuwa amekaa kibarazani kwetu, karibu na dirisha la chumba cha mbele. Kati ya kava za simu zilizotundikwa bado unaweza kuuona mstari wa chaki ukutani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Unaona?" alimwambia Bibi. "Kapata kazi tu, kiburi kimempanda."

Akazungusha funguo zake kidoleni. Kishikio chake cha harusi kilikuwa bado kinaning'inia pale, lakini ngozi imeanza kubanduka maganda maganda, na jina lake limebaki nusu. Maganda yalimdondokea kwenye suruali. Aliyakung'uta bila kuangalia.