Siku Niliyoikana Mgange

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoulizwa kwetu ni wapi nikaona haya kujibu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza nimemaliza mwaka hapa Riyadh. Nilikuwa dereva. Kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, alikuwa na shamba la mitende kusini mwa mji, na maji yalikuwa yakimsumbua, basi akamleta Mgiriki mmoja mtaalamu wa umwagiliaji, jina lake Bwana Yani. Kila asubuhi nilitoka mtaani kwetu Al-Suwaidi nikampitia hotelini, nikampeleka shambani.

Njiani alikuwa akinisimulia kwao, kwa Kiingereza chake kizito. Alitoka tambarare ya Thesalia, nchi ya pamba na ngano iliyozungukwa na milima. Theluji ya milimani ikiyeyuka ndiyo inayojaza mito yao. Aliniambia ndege korongo hujenga viota juu ya kanisa la kijiji, na nyanya yake alikuwa hapandi kitu bustanini mpaka awaone wamerudi baada ya baridi. Mtu mzima yule, mvi kichwa kizima, lakini akifika kwenye korongo alikuwa akicheka kama mtoto.

Siku hiyo akaniuliza, "Na kwenu kukoje?"

"Mimi wa Nairobi, bosi," nikasema. "Mambo ya shamba siyajui."

Uongo mtupu. Mimi ni wa Mgange, milima ya Taita, na nilishika jembe kabla sijashika kalamu. Ila nilidhani dereva wa mjini huheshimiwa zaidi.

Tulipofika, tukawakuta vibarua wakibishana. Maji yalikuwa yanafurika kwenye mitende ya mwanzo, na ya mwisho inakauka. Mimi nikasimama kando ya gari kama mgeni. Nikatazama, nikatazama, mwisho nikashindwa. Nikavua viatu, nikachukua koleo, nikapunguza mdomo wa mfereji kwa mawe na udongo, kisha nikashuka nao nikiutengenezea mteremko, kama baba alivyonifundisha. Haikuchukua hata saa moja. Maji yakafika kwenye mtende wa mwisho, na vibarua wakabaki wakiyaangalia.

Tulipokuwa barabarani tunarudi, Bwana Yani akaniuliza,

"Nairobi ndiko wanakofundisha hayo?"

Nikamwambia ukweli.

"Babu yangu," akasema, "alilima maisha yake yote ardhi ya bwana mkubwa. Nusu ya mavuno alimpelekea mwenye ardhi, na hata nyumba aliyolala haikuwa yake. Alikuwa mzee wakati ardhi ilipogawiwa. Siku aliyopewa kipande chake alikizunguka kwa miguu, akilia, akisema, 'Hapa kwetu.' Alingoja miaka sitini kulisema neno hilo. Wewe umezaliwa nalo, unalificha."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika nchi hii, lakini maneno hayo ndiyo yaliyoniingia. Nikamsimulia Mgange njia nzima: matuta ya mawe waliyojenga mababu, mifereji waliyoichimba ubavuni mwa mlima, zamu za maji ambazo kila ukoo huzijua, ukungu wa asubuhi juu ya migomba. Alinikatiza mara kwa mara kuuliza. Mtaalamu mzima, akiniuliza mimi.

Wiki ile ile akamwambia kafili kwamba huyu si wa kuendesha gari. Nikawa msimamizi wa maji wa shamba lile, na mitende niliyoikuta ikifa inazaa mpaka leo.

Sasa, Ijumaa iliyopita nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba umezaliwa Nairobi. Mama yako namjua. Wakati ukisema vile, yeye alikuwa Werugha, kule kule milima ya Taita, anapalilia kabichi zilizokulipia shule. Sikukusahihisha mbele za watu, ndiyo maana nakwambia sasa, taratibu. Madam wako akikuuliza kwenu ni wapi, taja kijiji, taja na mlima. Waulize wazee wako nani alifyeka shamba lenu, na maji yake yanatoka wapi, uyajue vizuri. Kazi ya nyumba za watu haikupunguzii ukoo wako. Ulikuja hapa ukiwa mtu mwenye kwao.

Mungu akulinde katika nyumba unayofanyia kazi, akupe afya na moyo mkunjufu, na siku ukirudi akukutanishe na mama yako akiwa mzima, anakuita kwa jina lako tangu ukiwa ng'ambo ya bonde.