Kung'uta Kwanza

Kwenye meli ile ya watalii wahudumu wa vyumba walizidi mia, na ukimuuliza yeyote kati yao nani hasa anaijua kazi, kama hana kijicho atakuonyesha mwanamke mmoja tu. Walimwita Dada Kung'uta. Jina la kwenye kitambulisho alikuwa nalo, lakini hata bosi wake alilazimika kuinama alisome. Hilo la Kung'uta alilipata kwa wimbo wake mmoja usiokwisha: kabla hujaitia shuka kwenye mfuko wa nguo za kufuliwa, kung'uta kwanza. Miaka kumi na minne aliuimba wimbo huo, na kwa kukung'uta kwake aliokoa miwani, hereni, meno ya bandia ya mabibi watatu, na pete moja ya ndoa ambayo mwenyewe, ukweli usemwe, hakuonekana kufurahi sana ilipomrudia.

Wala hakuwa mtu wa kujishusha. "Mimi nikitandika kitanda, tupia sarafu juu yake uone inavyoruka," aliwaambia wageni wa kazi. Wakatupa, ikaruka. Taulo alizikunja zikawa sungura, zikawa nyani wa kuning'inia, zikawa tembo wenye mikonga iliyojikunja vizuri kabisa, hadi wanaume wazima na ndevu zao wakawa wanapiga nazo picha.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya safari, na ya mwisho pia ya mkataba wake. Alfajiri meli ilitia nanga kwenye bandari ya kwao, na mdogo wake wa kike alikuwa tayari nje ya geti akimtumia ujumbe wa kulalamikia jua. Kung'uta alikuwa anashuka na ahadi: mkataba ujao anarudi kuwa msimamizi wa vyumba, maana aliyekuwepo anastaafu. Watu walidhani anautaka mshahara. Mshahara nani haupendi? Lakini kilichomkosesha usingizi ni dirisha. Wahudumu hulala chini kabisa ya meli, wawili wawili, kwenye vyumba vyenye kuta nne na taa. Wasimamizi wana vyumba vyenye dirisha. Miaka kumi na minne mama wa watu yuko baharini, na bahari yenyewe aliiona kwa kuiba tu, kwenye vyumba vya abiria wenye pesa, akiwa na dawa ya kufutia vioo mkononi.

Siku ya mwisho nayo ina vituko vyake. Ndiyo siku abiria wanapokumbuka kwamba vyoo vyao havikuwa vikijisafisha. Wengine huacha bahasha nono chini ya mto, na maneno mazuri juu yake. Wengine huacha nusu chupa ya mafuta ya nywele, wakaona wametoa zawadi. Halafu kuna wale mkono wa birika, ambao siku hiyo huamka mapema kuliko siku zote ili wapite koridoni kabla mhudumu hajafika. Jamani, mtu mzima na heshima zake ananyata na sanduku! Hao Kung'uta aliwangojea kwenye kona makusudi kabisa, akawaagia kwa sauti ya kufika mwisho wa koridoni: "Safari njema, baba! Karibuni tena!"

Bahasha haikuwa na shida. Shida ilikuwa kitu. Saa, koti, kamera, chochote alichopewa mhudumu, hakikutoka mlangoni mwa meli bila karatasi ya abiria yenye jina, namba ya chumba na sahihi. Ukishikwa nacho bila karatasi, umeiba. Hakuna mjadala. Jina linaandikwa, na meli haikuiti tena. Kung'uta alishaona watu watatu wakimwaga unga namna hiyo, mmoja kwa ajili ya jozi ya viatu ambavyo wala havikumtosha.

Safari hiyo, chumba mia saba na kumi na mbili kilikuwa na mzee mmoja mpima ardhi, mstaafu, mtu wa maneno machache na penseli nyingi. Kalamu ya wino hakuwa nayo hata moja; kila asubuhi Kung'uta alifagia mabaki ya penseli zilizochongwa. Siku ya kwanza alipoingia kutandika, alimkuta ameketi kwenye kimoja cha vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Juu ya mto wa kile kingine palikuwa na darubini, zile za macho mawili, ndani ya mkoba wake wa ngozi.

"Mke wangu alipenda kutazama ndege," mzee alisema. "Safari hii tuliilipia pamoja."

"Pole sana, baba," Kung'uta alijibu. Hakuuliza zaidi. Kazi ya vyumba inakufundisha kujua pa kunyamaza.

Tangu jioni hiyo alitandika vitanda vyote viwili. Aliweka chokoleti mbili, moja kila mto, na tembo wawili wa taulo. Siku za kubadilisha shuka alibadilisha pande zote mbili, ule uliolaliwa na ule usioguswa. Mzee kwa upande wake tembo hakuwakunjua. Alijifutia taulo za bwawani.

Siku moja alimwonyesha kisiwa kwa mbali. "Kinaitwaje kile, mwanangu? Wewe mwenyeji wa huku."

"Mwenyeji gani, baba? Kwetu huko chini hakuna dirisha. Tukifika mahali tunajua kwa kusikia nanga."

Mzee hakucheka. Aliandika jambo kwenye daftari lake.

Siku moja kabla ya kufika akamwambia, "Nina kitu nataka kukuachia."

"Ukiniachia kitu, niachie na karatasi, nakuomba sana. Bila karatasi utakuwa umeniponza."

"Miaka arobaini nimepima mipaka ya watu wanaogombana," mzee akasema. "Thamani ya karatasi utanifundisha wewe?"

Basi asubuhi ile ya mwisho Kung'uta alipofungua chumba, mzee alikuwa ameshashuka na kundi la kwanza. Bahasha ilikuwa mezani. Juu ya mto usiolaliwa palikuwa na ile darubini, na mbele yake tembo wawili wamekaa bega kwa bega. Machozi yakamtoka. Naam, Kung'uta huyo huyo mwenye mdomo, alikaa ukingoni mwa kitanda akalia hadi akatafuta karatasi ya chooni ya kupengea kamasi. Kisha akajikaza, maana abiria wapya wanapanda saa saba na vyumba vilikuwa vingi. Shuka alizikung'uta. Foronya alizikung'uta. Tembo aliwashika mgongoni akawatumbukiza mfukoni jinsi walivyo. Awakung'ute nini, wakati aliwakunja kwa mikono yake mwenyewe?

Mkoba wa darubini hakuufungua. Karatasi abiria huiweka humo humo, siku zote.

Vyumba vyake vilipokwisha alibeba mzigo wake ashuke, na mlangoni mwa meli alisimama mlinzi waliyemwita Kufuli, jitu la watu, haki kama mizani na tamu kama siki. Aliufungua mkoba, akatoa darubini, akatoa kitambaa cha kufutia vioo, akaupindua, akautikisa.

"Karatasi iko wapi, Dada Kung'uta?"

"Imo humo."

"Humu hamna kitu."

"Tazama tena, kaka. Mzee wa mia saba na kumi na mbili ameniambia ataandika."

"Kundi la kwanza limeshapanda mabasi ya kwenda uwanja wa ndege. Ofisi itamtafuta, wiki ijayo au mwezi ujao. Mimi naandika ninachokiona." Kufuli alivuta daftari, na kusema kweli mkono wake ulikuwa mzito. "Nakuheshimu, dada yangu, lakini saa nne napeleka ripoti. Bado dakika ishirini na tano. Kama karatasi ipo, ilete. Kitambulisho na mzigo viache hapa."

Mwingine angeanza kulia na kuapa kwa wazazi wake. Kung'uta alivuta kiti cha mlinzi mwenyewe, akakikalia, akafumba macho. Mzee hakuwa mwongo. Mtu anayepanga penseli zake kwa urefu hasahau karatasi. Ameiweka mahali, na mahali hapo amepachagua akijua mhudumu atapagusa. Bahasha? Aliifungua. Mto? Aliukung'uta. Kitu gani chumbani mule alikigusa na asikitazame?

"Mama yangu!" alipiga kelele, hadi Kufuli akaangusha kalamu. "Mkonga!"

Alishuka ngazi kama anafukuzwa. Kila sitaha aliyopita alijitukana upya. Kung'uta mzima! Miaka kumi na minne anawachosha watu masikio, halafu siku yake ya mwisho anafanya kosa la mgeni wa jana! Na kwa nini? Kwa kujiamini na tembo wake. Lilimuuma kuliko hata hofu ya kazi.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kuliko vyote, joto na kelele tupu. Mkuu wake aliitwa Povu, mwanaume mwembamba mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji. Abiria hawakujua kama yupo. Bahasha hazikumfikia kamwe. Kung'uta alikuwa na desturi yake: kila mwisho wa safari alimshushia chochote, chokoleti, sabuni nzuri, na habari. "Mama wa mia saba na tatu anasema hajawahi kulalia shuka laini hivi. Anakushukuru." Povu alikuwa akitikisa kichwa tu, lakini wenzake walisema siku hizo hupiga mluzi.

"Kaka, mifuko yangu!" Kung'uta aliingia akihema. "Ya vyumba vya mia saba! Usiniambie umeshaiingiza!"

Povu alimkodolea macho. "Yako? Yako huwa naanza nayo. Ya wenzako lazima niichambue kwanza, imejaa uma na vijiko. Yako imekung'utwa, naitia moja kwa moja."

Akaonyesha mashine ya kwanza. Ilikuwa inazunguka, maji yamefika nusu ya kioo.

"Izime."

"Unajua leo ni siku gani? Vitanda elfu moja vinangoja shuka. Nikiizima inamwaga maji yote na kuanza upya, na nitaulizwa."

"Najua. Izime, kaka yangu. Ndani mna karatasi yangu. Nilitupa taulo bila kuzikung'uta."

Povu aliacha mdomo wazi. "Wewe?"

"Mimi. Cheka baadaye."

Hakucheka. Akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikanguruma, ikasimama, ikaanza kutema maji taratibu mno, huku saa ya ukutani haina huruma. Wakasimama wawili wakitazama kioo.

"Yale maneno ya abiria uliyokuwa ukiniletea," Povu aliuliza bila kugeuka, "yalikuwa ya kweli?"

Siku hiyo Kung'uta hakuwa na nguvu ya uongo. "Machache. Mengi nilitunga."

"Nilijua," alisema Povu. "Nani huko juu anajua kama nipo? Lakini uliyatunga vizuri." Na mlango wa mashine ukafunguka.

Walichambua taulo moja moja zikiwachuruzikia miguuni. Ya tisa ilikuwa bado na umbo la mkonga, imejiviringa ngumu, na ndani yake kilikuwemo kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kung'uta alikikunjua kwa ncha za vidole juu ya meza ya pasi. Kiliroa chapachapa. Wino ungekuwa umeshageuka supu. Lakini mzee hakuwa na wino, na penseli yake haikutetereka hata herufi moja. Povu ndiye aliyesoma.

"Kwa mlinzi wa mlangoni. Darubini hii ilikuwa ya marehemu mke wangu. Nimempa mhudumu wa chumba 712 kwa hiari yangu, kwa sababu anaishi baharini na bahari haioni. Siku kumi na mbili alimtandikia mke wangu kitanda bila kuniuliza swali. Na yeyote anayefua huko chini, namshukuru naye. Shuka za upande usiolaliwa zilikwenda kufuliwa na kurudi safi kama za upande wangu."

Chini palikuwa na jina, namba na sahihi iliyonyooka kama mpaka wa shamba.

Povu alirudisha kidole mistari michache juu. "'Yeyote anayefua.' Ni mimi huyo?"

"Ni wewe. Na hili sikulitunga."

Povu aligeukia mashine akaanza kurudisha taulo ndani kwa fujo, akimpa Kung'uta mgongo, naye akamwacha.

Saa nne kasoro dakika tatu aliiweka ile karatasi mbele ya Kufuli, ikimwagia daftari lake maji. Mlinzi aliisoma mara moja, kisha mara ya pili polepole. Akauchana ukurasa alioanza kuuandika.

"Hii inabaki kwangu, ni sheria," alisema, sauti imelegea. "Chukua mzigo wako, dada."

"Ibaki. Lakini nipigie nakala, ipelekwe kwa Povu leo hii."

"Povu? Ya nini?"

"Ni ya kwake. Imeandikwa humo, soma tena."

Nje jua lilikuwa kali. Katikati ya ngazi ya kushukia alisimama, akatoa darubini, akaiweka machoni. Aliigeuza vibaya mara ya kwanza, dunia ikawa ndogo kama punje, akaigeuza sawasawa. Akamwona mdogo wake kwenye uzio, amejifunika mkoba kichwani, mdomo unakwenda. Kisha akageuka akaitazama meli yenyewe, safu kwa safu, hadi kwenye madirisha ya wasimamizi. La tatu kutoka mwisho lilikuwa na madoa ya chumvi kila kona. Aibu tupu. Akirudi, hilo atalifuta mwenyewe.