Ujumbe Uliotumwa kwa Mlango wa Kijani

Nilipohitimu masomo ya jioni ya kompyuta pale Nakawa, cheti changu nilikitembeza Kampala nzima. Hata muuza chapati alikisoma mara mbili. Ndicho kilichonipatia kazi ya kuandikisha wagonjwa katika kliniki moja ya macho, Mengo, na nilivyokuwa nachapa, vidole vilitoa moshi.

Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake: jina, mahali anapoishi, nambari ya simu. Katikati unaweka koma, maana kompyuta haijui jina linaishia wapi. Ikiona koma tu, inahamia chumba kingine. Daktari wa mtoto wa jicho alikuwa anakuja kwa siku tatu, na kompyuta ndiyo ingewatumia watu ujumbe wa kuwaita.

Jirani yangu, bibi wa Kinubi anayesuka makawa ya kufunikia chakula, nilimwandikisha kwa mkono wangu. Mtaani sote tunamwita Habuba, yaani nyanya kwa Kinubi.

"Unaishi wapi, Habuba?" nikamuuliza kwa sauti ya ofisi, kana kwamba jana sikula kwake.

"Wewe mtoto, si unajua? Andika: Katwe nyuma ya mafundi wa sufuria, mlango ya kijani."

Nikaandika vilevile, na pale alipovuta pumzi nikatia koma. Mwenzangu wa meza ya pili, dada Mkenya, akachungulia.

"Hiyo anwani ifunge kwa alama za kunukuu, bwana. La sivyo hiyo koma itakukomesha."

Nikamcheka. Mwenye cheti afundishwe?

Ningeweza kumwambia Habuba siku yake kwa mdomo, kutoka kwangu hadi kwake ni nyumba mbili. Sikumwambia. Nilitaka simu yake ilie yenyewe, ajue mimi ni nani.

Daktari akaja, akaondoka. Katika ule umati nilidhani Habuba amepita siku nisiyomwona. Kumbe wapi! Jioni nikamkuta mlangoni, kawa limemgusa pua ndipo aone ukili.

"Bado hawajaita mimi?"

"Mtandao, Habuba. Mtandao unasumbua."

Nilijua si mtandao. Kesho yake asubuhi nilifungua orodha, na kwenye chumba cha simu pamekaa "mlango ya kijani". Nambari yake imesukumwa pembeni, huko ambako kompyuta haitazami.

Wiki nzima nilipita njia ya nyuma, nimekonda kama waya. Mwishowe nikaenda nikamweleza yote, koma, cheti na majivuno.

Akacheka mpaka kawa likamdondoka. "Banange! Kwa hiyo ulipelekea mlango yangu ujumbe? Na mlango ilijibu nini?"

Nami nikacheka, kwa aibu. Kisha akapapasa sakafuni kulitafuta kawa. Mkono ukapita kando yake mara mbili kabla sijamwokotea.

"Daktari narudi lini?"

"Sijui, Habuba. Hawajasema."

"Basi andika mimi tena. Andika Katwe. Halafu koma hapo hapo."

Nimemwandika wa kwanza kwenye orodha mpya. Orodha bado haina tarehe.